Magugu ya Mama Nabintu

Nyie vijana mnaokuja kuniuliza kazi ya bustani, kaeni kwanza. Mnafika na simu mkononi, mnataka niwaambie dawa gani ya kupulizia na mboga gani inauzika haraka, halafu mnaondoka kabla chai haijapoa. Mi kazi hii niliifanya tangu nikiwa na meno yote. Nilianza na maua ya kampuni ya migodi hapa Kapata, kambi ya wafanyakazi wake, nikaishia kwenye mboga, na kati ya maua na mboga nilifanya ujinga mara nyingi kuliko nilivyolipwa. Hizo mara ndizo nitakazowaambia. Dawa ya kupulizia muulizeni mwingine.

Nitawaandikia Kiswahili cha kitabu, maana mjukuu wangu atampelekea mwalimu wake, na mwalimu yule hana huruma. Lakini watu wakifungua kinywa nitawaacha waseme Kiswahili chetu cha huku, ambamo watu huwa bantu na wazuri huwa bazuri. Nikiwasahihisha watanikasirikia, hata wale waliokwisha kufa.

Basi, udongo. Hapa Kolwezi, kabla ya kushika jembe, tembea kwanza uangalie kinachoota chenyewe. Ukikuta lile ua dogo la zambarau linalopenda shaba, beba vitu vyako uende mbele, kwa sababu mboga hapo itageuka manjano na utailaumu mvua bure. Mzee Kaumba, ndiye aliyenifundisha kazi, alinionyesha ua hilo siku yangu ya kwanza. Mi nikaona ni zuri. Nikalichimba, nikalihamishia mbele ya nyumba ya mkubwa mmoja wa kampuni, nikalitilia samadi. Likakataa. Kaumba akaja, akalitazama, akanitazama.

“Hii maua inakula mukuba,” akaniambia. Mukuba ndiyo shaba kwetu. “Weye unaipa mavi ya ngombe. Iko na haki ya kukasirika.”

Kaumba alikuwa na mafundisho machache, na aliyarudia mpaka tukayaota. Mwagilia udongo, usimwagilie jani. Mwagilia asubuhi, usisubiri jua likukute. Usichote maji mahali ambapo hata vyura wamepahama. Hilo la mwisho ndilo kubwa kwenye nchi ya migodi. Mto unaweza kuwa safi kwa macho na usiwe na chura hata mmoja. Mto wa namna hiyo uache upite na shughuli zake.

Na fundisho lake kubwa kupita yote lilikuwa kung'oa. Kwa kampuni mimea ilikuwa ya aina tatu: ya maua, ya uzio, na adui. Adui mkuu alikuwa mmea mmoja wa majani laini, wenye vitunda vidogo vya mviringo vinavyoiva vikawa vyeusi. Tuliambiwa na mkubwa wa bustani kwamba ni sumu, mtoto akila anakufa. Kitabu kinauita mnavu. Sisi kambini hatukuwa na haja ya kuupa jina. Tuliung'oa tu, mwaka baada ya mwaka, mbele ya kila nyumba ya Kapata, na mi niliung'oa vizuri kupita wote.

Kampuni ilipochoka, mishahara ikachoka nayo. Tukageuza bustani za maua kuwa za mboga, maana mtu hawezi kula waridi. Nikalima lengalenga, ndiyo mchicha kwetu, matembele, majani ya maboga. Nikawa na wateja wangu, na nyuma ya uzio nikawa na lundo langu la magugu. Huko ndiko mambo yalikoanzia.

Nyumba iliyotazamana na yangu walihamia watu wa upande wa Bukavu. Mume alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale vijana wanaotoka kila pembe ya Congo kuja kuchimba kobalti kwa mikono. Mke aliitwa Mama Nabintu, mwanamke mwembamba, mpole, asiyependa kusumbua mtu. Siku moja mchana nikamwona amesimama kwenye lundo langu, anajaza beseni kwa ule mmea wa vitunda vyeusi. Nikafikiri anafuga sungura. Nikataka kumwambia awahurumie wale sungura.

“Mama, ile majani uko naipeleka wapi?”

“Jikoni, Tata. Nilikuwa naogopa kuomba, kisha nikaona muko munaitupa.”

Tata kwetu ndiyo baba. Kabla sijamjibu ameshaingia ndani, na moshi ukaanza kutoka.

Nifanye nini? Nilimwita mke wangu, Mama Banza. Mama Banza akamwita muuguzi, ambaye alikuwa anakaa mstari wa pili. Muuguzi akauliza kama wameshaanguka. Nikasema bado. Akasema basi tungoje, maana mtu hatibiwi kabla ya kuugua, ila tutafute maziwa. Pasta Kalenga wa kanisa letu alikuwa anapita na Biblia yake, akaona watu, akabaki. Jirani mmoja akaleta kiti. Mwingine akaona jirani ana kiti, akaenda kuleta chake. Punde si punde tulikuwa kundi zima mbele ya nyumba ya watu, tumekaa, tunatazama mlango.

Ndani wanakula. Tunasikia vijiko. Tunasikia mtoto anaomba aongezewe, na mama mmoja karibu yangu akajifunika uso kwa kitenge.

“Ile sumu ni ya polepole,” muuguzi akasema. “Musichoke.”

Hatukuchoka. Baridi ya mwezi wa sita ilianza kushuka, kuna waliokwenda kuvaa sweta wakarudi. Hatimaye mlango ukafunguka, Mama Nabintu akatoka, mzima kabisa, anafuta mikono. Akatuangalia wote.

“Bantu ba hapa muko bazuri,” akasema. “Siye tunafika tu, na wote munakuja kutusalimia.”

Akarudi ndani akaleta sahani, akatugawia. Sijawahi kuona ghafla watu wengi namna ile wakiwa na kazi. Muuguzi akakumbuka zamu yake. Pasta Kalenga akasema amefunga. Mama Banza akasema kwamba mimi sili chochote kisichopikwa kwa mkono wake, jambo ambalo nililisikia kwa mara ya kwanza. Tukarudisha sahani kwa adabu, tukabeba viti vyetu.

Asubuhi yake niliamka mapema nikaenda kubisha hodi, kuona kama wapo. Walikuwepo. Nikaenda tena kesho yake na keshokutwa, nikiwasalimia kwa furaha isiyo na sababu. Baadaye, tulipokuwa tumeshazoeana, nilimuuliza kama siku ile alidhani kweli sisi ni wageni wa kusalimia.

“Nilijua, Tata,” akanijibu. “Mulileta mpaka Pasta.”

Sasa mtauliza, kwa nini mtu asafiri nchi nzima aje kula magugu, na hapa sokoni mboga zipo? Na mi nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia kwao mboga ile ndiyo aliyopikiwa na mama yake kila alipojifungua. Akaniambia hapa mumewe anarudi kutoka mgodini, anakula bukari, yaani ugali, na lengalenga, anashiba, halafu anakaa tu kimya. Siku ya lundo langu alikula akaanza kusimulia habari za baba yake, na hakuwa amemtaja tangu watoke kwao. Nilimwona alivyoshika ncha ya kanga yake, nikaelewa kwamba miaka yote nilikuwa nang'oa kitu cha mtu.

Alianza kupika sufuria ya kuuza barabarani, pale wachimbaji wanapopita. Watu wa kwao Kivu walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Nyie mnawajua wachimbaji, kelele yao inawatangulia. Pale kwenye sufuria walikula kama watu walioko kanisani. Lundo langu likawa halitoshi, ndipo Mama Nabintu akatoa mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao, tukaamua kulima.

Kulima mnavu ni rahisi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Sikilizeni, hii mtaihitaji. Chukua vitunda vilivyoiva vikawa vyeusi, viponde ndani ya maji. Nyama inaelea, mbegu inazama. Mwaga, osha, anika kivulini. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo ichanganye na majivu ndipo utawanye, usije ukamwaga zote mahali pamoja. Chuma ncha changa kabla haijatoa maua, na itachipua tena ubavuni. Jikoni, chemsha, maji ya kwanza mwaga. Vitunda vya kijani usiguse, hapo mkubwa wa kampuni hakukosea.

Yote hayo nilijifunza. Mikono yangu ndiyo iliyokataa. Napita kwenye tuta nikiongea na mtu habari za mpira, na mkono wa kulia unainama wenyewe, unang'oa. Mama Nabintu alinikuta na mche mkononi mara nyingi mpaka akaacha kuniuliza. Mwishowe akaniamuru nikiingia shambani kwake nitembee mikono nyuma. Watu waliokuwa wakipita waliona mzee mzima anakagua matuta mikono mgongoni, wakadhani nimepandishwa cheo.

Habari zikaenea kwamba Tata Banza wa Kapata analima mboga za watu. Wakaja watu wa mkoa wa Equateur, wakataka ngai-ngai, yale majani ya uchachu. Hayo yanaota bila maneno, nikawapa. Akaja kijana mmoja wa Bandundu, mrefu, machozi karibu, akitaka fumbwa, majani ya mmea mmoja wa kutambaa wa kwao. Nikamwambia aniletee mbegu. Akaagiza vipande vya shina kwa shangazi yake, vikafika vimefungwa kwa kitambaa kibichi. Mi nikavipanda juani kwenye udongo wangu bora kuliko wote, nikavimwagia samadi. Vikakauka. Kumbe fumbwa ni mtu wa msitu, anataka kivuli na kupanda juu ya miti ya wenzake.

Kipande kimoja kilibaki na uhai. Nikakijengea paa la majani, nikakipa mti wa kukumbatia. Kikatoa jani. Tukangoja. Kikatoa la pili. Wale wa Bandundu wakawa wanakuja Jumapili baada ya ibada kulitembelea, wamevaa vizuri, wanasimama kidogo, wanaondoka. Hakuna aliyethubutu kulila. Mbuzi wa muuguzi hakuwa na wasiwasi huo. Mi na muuguzi hatukusalimiana mpaka Pasaka.

Haya yote yalifanyika kwenye dembo nyuma ya kambi. Dembo ni bonde lenye unyevu, na la kwetu lina chemchemi ambayo haitoki upande wa migodi. Vyura wanaimba humo mpaka wanachosha. Mahali pa namna hiyo hapa kwetu ni pachache sana, na kila anayejua mboga anapamezea mate. Mama Nabintu na akina mama wenzake wa Kivu walikuwa na sehemu iliyo karibu kabisa na maji. Shefu, ndiye mkuu wa mtaa, aliwapa kwa sharti la zamani linalojulikana na wote: shamba la dembo likiachwa na magugu, linachukuliwa na kupewa mwingine.

Mmeshaona hatari iko wapi. Mi sikuiona.

Aliyeiona ni Tata Fidele. Alikuwa akipeleka chakula kwenye kantini ya mgodi mmoja, mtu wa viatu vinavyong'aa, na alitaka chemchemi ile apande mashu, yaani kabichi. Akaenda kwa shefu, akamwambia kwamba shamba la bamama ba Kivu limejaa magugu mpaka kiunoni, aende akaone mwenyewe. Na kwa jicho la mtu wa huku hakusema uongo. Tuta la mnavu likistawi vizuri, mtu wa Katanga yetu anaona nyumba iliyohamwa. Shefu akatuma neno kwamba Jumamosi alasiri atakuja na watu wake, na atakata neno palepale.

Mama Nabintu akaja kwangu. Alikaa kwenye kizingiti, akakataa kiti.

“Tata, bakichukua dembo, mi nitapika nini? Mume wangu alisema sufuria ikifungwa tunarudi. Kule kwetu hakuna amani. Niko na batoto.”

Nikamwambia asiogope. Mi ndiye nilikuwa naogopa. Jumatano kwenye maombi nikasimama, nikaomba kanisa lituombee, nikaeleza kwamba shefu anakuja, na kwamba shida ni magugu. Hayo ndiyo maneno niliyotumia. Pasta Kalenga akanishika bega, akasema kanisa halitaomba tu, kanisa litafanya kazi. Jumamosi asubuhi wataleta salongo.

Salongo mnaijua, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, kila mtu na jembe lake. Nikashukuru. Nikafikiri watasafisha njia na mfereji, shefu asichafue suruali. Jumamosi hiyo Mama Nabintu alikwenda soko la mjini kutafuta mawese, na mi nikaenda na pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma, kuazima viti, maana shefu hawezi kusimama.

Niliporudi nilisikia kwaya kabla ya kuiona. Walikuwa wanaimba sauti zote nne, wameegemea majembe, jasho linawatoka. Na shamba lilikuwa safi. Nikisema safi, eleweni. Udongo mtupu, mweusi, umesawazishwa kwa reki. Pembeni walikuwa wamepanga mawe na kuyapaka chokaa. Lundo la mnavu lilikuwa kando ya mfereji, limenipita urefu.

“Tata Banza, angalia,” Pasta Kalenga akasema. “Tumekutolea fujo yote. Hata mi nilikuwa napata haya juu yako.”

Nilishusha kiti kimoja kwenye pusupusu, nikakaa hapohapo katikati ya njia. Pasta akaona nimezidiwa na furaha, akaipa kwaya ishara, wakaimba wimbo mwingine. Ulikuwa mrefu.

Mama Nabintu alifika kwenye beti za mwisho, kichwani amebeba kidumu cha mawese. Akasimama. Kwaya ikanyamaza yenyewe, sauti moja baada ya nyingine. Alikwenda mpaka kwenye lundo, akaweka kidumu chini, akachuchumaa, akashika mche mmoja na kuutazama mizizi. Kisha akawatazama wale vijana. Mikono yao ilikuwa na malengelenge.

“Aksanti kwa kazi,” akawaambia, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Halafu akalia.

Pasta Kalenga akanigeukia. Nikamweleza kwa maneno machache, na rangi ikamtoka. Nilitamani kukasirika na mtu, lakini kila niliyemtazama alikuwa amekuja kunisaidia. Hiyo ni shida mbaya, vijana, kutokuwa na wa kumtukana.

“Mbegu ilikuwa ya mama yangu,” Mama Nabintu akasema. “Alinifungia kwa kitambaa siku ya kutoka. Mama hayuko tena.”

Alinawa uso kwenye chemchemi. Alipogeuka alikuwa mwanamke mwingine. Akauliza jembe la mwisho lilipigwa saa ngapi. Wakamwambia sasa hivi. Akashika majani, yalikuwa bado yamesimama.

“Basi tunapika yote,” akasema. “Na ile matunda ya mweusi mutaniwekea kwa beseni, hata moja isipotee.”

Hapo laiti mngekuwepo. Sauti za kwanza wakachuma ncha. Besi wakateka maji. Akina mama wa Kivu wakaja na sufuria zao, wakawafundisha vijana wa kwaya kuchagua majani, na kuwapiga vidole walipokosea. Pasta Kalenga akavua koti, akakaa chini kuchambua vitunda. Baada ya muda akamwinamia Mama Nabintu.

“Mama, hii ni ile ya siku ile?”

“Ni ile, Pasta.”

Akaendelea kuchambua.

Shefu alifika alasiri na wazee wake. Tata Fidele alikuja naye, amebeba kabichi moja kubwa mikononi kama mtoto wa ubatizo. Harufu ya mawese ilikuwa imeshafika barabarani, na wachimbaji walikuwa wamejipanga, vumbi la mgodi bado nyusoni, kila mtu na sahani au kifuniko. Shefu akakaa kwenye kiti changu cha kuazima, akaangalia udongo mtupu na mawe meupe.

“Tata Banza, nilisikia hapa kuna magugu. Sioni magugu. Lakini sioni na mboga. Hapa munalima nini?”

Nikamwonyesha sufuria. Akasogea, akachungulia, akarudi nyuma haraka. Naye alikuwa amelelewa kambini.

“Ni ile majani ya sumu,” Tata Fidele akasema. “Shefu, maji muzuri namna hii, bantu banapandia magugu. Kama banataka majani ya kwabo, barudie kwabo.”

Alisema kwa sauti, na mstari wote ulisikia. Kijana mmoja aliyekuwa ameshapokea chakula chake akashusha sahani, akatazama miguu yake. Hapo ndipo hasira iliyokuwa imekosa mwenyewe tangu asubuhi ikapata mwenyewe. Nikasema, sawa, turudi kwetu wote. Mi nitangulie Malemba-Nkulu alikotoka baba yangu. Tata Fidele arudi Mutshatsha, muuguzi arudi Kamina na mbuzi wake. Nikawataja wazee mmoja mmoja, kila mmoja na mahali baba yake alikopandia treni kuja kuajiriwa Kapata. Nilikuwa naelekea kwa shefu mwenyewe, aliyeletwa mgongoni kwa mama yake kutoka Dilolo, ndipo akanyanyua mkono.

“Imetosha. Weye ulifanya bustani tangu kampuni. Uniambie kweli mbele ya bantu. Hii ni chakula?”

Sasa, kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mnavu nilikuwa nimeupanda, nimeuvuna, nimeuuza. Kuula, hapana. Kila siku nilikuwa na sababu. Mara tumbo, mara Mama Banza ameshapika. Mama Nabintu akajaza sahani, akaweka bukari pembeni, akanipa. Alikuwa ananiangalia tu, na nyuma yake watoto wake.

Nikanawa. Nikamega, nikachovya, nikala. Jamani, ule uchungu. Ulipanda mpaka masikioni. Machozi yakanitoka, na kwaya wakafikiri nimeguswa na Roho. Nikatafuna, nikameza, nikamega tena, watu wasije wakasema nilionja tu.

“Shefu,” nikasema, “ni chakula. Mi siipendi. Unipe lengalenga, nitachagua lengalenga mpaka nife. Lakini sikuilima kwa kinywa changu. Angalia ule mustari. Kama siye benye kushika maji tunapanda tu kile siye tunapenda, Kapata yote itabakia inakula kwa kinywa ya Tata Banza. Na mi kinywa yangu ni moja.”

Shefu akanyoosha mkono apewe sahani. Mzee yule alikula kwa heshima, polepole, macho mbele, kama anayesikiliza wimbo wa taifa. Alipomeza akaomba maji. Akaomba tena.

“Fidele,” akasema, “ile mashu itakula nani?”

“Bakubwa ba kantini, Shefu.”

“Na hii bantu?”

Tata Fidele akaangalia mstari. Kabichi ilikuwa inaanza kumchosha mikono.

Shefu akasimama, wazee wakasimama.

“Dembo inabakia kwa bamama,” akasema. “Mashu, kila siku bezi bataiba, nitakuwa nasikia kesi tu. Hii mboga ni mubaya sana. Hata mwizi hatagusa.”

Wachimbaji ndio waliocheka kuliko wote. Walicheka mpaka wakashikana, na akina mama wa Kivu wakacheka, na Pasta Kalenga, ambaye vidole vyake vilikuwa vimegeuka vyeusi kwa vitunda. Shefu aliondoka bila kutabasamu. Alipofika kwenye mawe ya chokaa akageuka, akamuuliza Mama Nabintu kama mbegu iko. Mama Nabintu akainua beseni kwa mikono miwili.

Tulianza kukusanya sahani. Yule kijana aliyekuwa ametazama miguu yake alikuwa amemaliza chakula, akaosha sahani kwenye mfereji, akaileta mwenyewe. Akaangalia lile shamba tupu lililofagiliwa.

“Mama, kesho iko?”

“Kesho hapana,” Mama Nabintu akamwambia. “Tunapanda upya. Itabidi ungojee.”

“Nitangojea,” akasema. “Mi niko hapa.”